Mlangoni pa Bandari: Kisa cha Eyemouth, Oktoba 1881

Mvuvi akipotelea mbali na pwani, wa nyumbani hungoja. Hungoja siku, hungoja wiki, na katika kungoja huko huwa na kitu cha kushika: labda amekimbilia bandari nyingine, labda ameokotwa na meli. Wanawake wengi wa Eyemouth hawakupewa hata hiyo labda. Mchana wa Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 1881, walisimama gatini na juu ya majabali ya mji wao mdogo wa Uskoti, wakaviona vyombo vya waume zao, baba zao na wana wao vikirudi. Wakaviona vikifika karibu kabisa, kisha vikavunjikia mlangoni.

Siku ile wavuvi 189 walikufa kwenye kipande hicho cha pwani. Wa Eyemouth peke yao walikuwa 129. Kijiji jirani cha Burnmouth kilipoteza 24, Newhaven iliyo karibu na Edinburgh 15, Cove 11, Fisherrow 7, na kijiji kinachoitwa leo St Abbs kilipoteza 3. Hesabu hizi ukizisoma haraka zinapita tu. Zisome tena ukikumbuka kwamba Eyemouth hata leo ni mji wa watu kama 3,500, na kwamba waliokufa wote walikuwa wanaume wa kazi, wengi wao baba na wana ndani ya chombo kimoja.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha dhoruba. Dhoruba ilikuwepo, na ilikuwa kali kupita kiasi. Lakini kadiri ninavyokisoma, naona dhoruba ndiyo sehemu yake fupi kuliko zote, saa chache tu. Yaliyoufanya mlango wa bandari ile uwe mtego yalichukua zaidi ya miaka 20, na ndani yake kuna mchungaji, fungu la kumi, mahakama, deni na gati ambalo halikujengwa. Hayo ndiyo ninayotaka kuyafuata hapa, na baadaye nitajiuliza yanafika wapi, kwa sababu hayafiki kila mahali.

Mdomo wa mto

Eyemouth iko pwani ya mashariki, katika Berwickshire, kilomita chache tu kaskazini ya mpaka wa England. Jina linajieleza: ni mdomo wa mto Eye. Mto wenyewe ni mwembamba, unaingia baharini kati ya majabali, ndani ya ghuba ndogo. Mbele ya ghuba hiyo yamelala majabali yanayoitwa Hurkars, kama mbwa waliolala mlangoni mwa nyumba ya watu: ukiwajua unawapita, ukiteleza wamekushika. Chombo kinachoingia hakina budi kupita kando ya Hurkars, kisha kijipenyeze kwenye mdomo wa mto. Siku ya shwari kazi hiyo haina ajabu. Bahari ikichafuka kutoka kaskazini-mashariki, mawimbi hupanda juu ya majabali na njia yote hugeuka povu, usijue wapi ni maji na wapi ni jiwe.

Kuna jambo la pili ambalo mtu wa pwani yoyote atalielewa bila kuelezwa sana. Bandari ile ilitegemea maji. Yakijaa, vyombo huelea. Yakipwa, hulala ubavu kwenye tope. Kwa hiyo hata mlango ungekuwa mpana, haukuwa wazi saa zote. Katika miaka ya 1760 mhandisi mashuhuri John Smeaton, yule aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone, alichora gati la kuikinga bandari hiyo. Lilikuwa gati zuri kwa vyombo vya wakati wake. Karne moja baadaye vyombo vilikuwa vimerefuka na kuzama zaidi majini, kwa sababu samaki walifuatwa mbali zaidi. Vyombo vilikua, bandari haikukua.

Kabla ya samaki kuwa kila kitu, mji ulikuwa na biashara nyingine. Ng'ambo ya mto, juu ya bandari, ingali imesimama Gunsgreen House, jumba la fahari lililojengwa mwaka 1753 na msanifu John Adam kwa ajili ya mfanyabiashara John Nisbet. Nisbet alikuwa mtu wa magendo. Ndani ya kuta za jumba mlifichwa mfereji wa kuhifadhia chai, ukakingwa unyevu kwa bati. Chai ndiyo iliyolipa, kwa kuwa ushuru wake ulikuwa wa kutisha: mwaka 1784 serikali iliushusha kutoka asilimia 119 hadi 12.5, na magendo ya chai yakafa karibu mara moja, pwani nzima ya Uingereza. Nalitaja hili si kwa ajili ya utamu wa hadithi tu. Mji ambao vizazi viwili vilikula kwa kumkwepa mtoza ushuru hauwi mji unaofungua mkoba mara mtu wa mamlaka anapobisha hodi. Na mtu huyo alibisha.

Fungu la kumi la samaki

Huko Uskoti, mchungaji wa parokia ya Kanisa la taifa alikuwa na haki ya kale ya kulipwa fungu la kumi, lililoitwa teind. Mashambani lilitoka kwenye nafaka. Katika Eyemouth lilitoka pia kwenye samaki. Miji mingi ya uvuvi ilikuwa imekwisha kujitoa kwenye mzigo huo; Eyemouth ilikuwa bado imo.

Ili kuona kwa nini mzigo huo uliuma, inabidi kwanza kuiona kazi yenyewe. Samaki mkuu wa majira ya baridi alikuwa hadoki, na alivuliwa kwa mshipi mrefu wa ndoana nyingi, aina ile ambayo baadhi ya wavuvi wetu huiita dhulumati. Mshipi wa mtu mmoja ulikuwa na ndoana zaidi ya elfu. Chambo chake kilikuwa kome, na kazi ya kome ilikuwa ya wanawake na watoto. Mama huketi na beseni, kisu kifupi mkononi, akipasua kome mmoja mmoja, akiutoa mnofu bila kuuchana, akiuvika kwenye ndoana. Kisha huukunja mshipi ndani ya kapu pana, safu kwa safu, na kati ya safu na safu huweka majani ili ndoana zisishikane. Ndoana moja ikinasa vibaya, mshipi mzima utajifunga baharini na siku imepotea. Akimaliza kapu hilo, vidole vimepasuka kwa chumvi na baridi, kesho yake kuna jingine. Kome walinunuliwa. Kamba zilinunuliwa. Chombo chenyewe mara nyingi kilikuwa na deni.

Sasa, fungu la kumi halikuhesabiwa baada ya gharama hizo kutolewa. Lilikuwa fungu la samaki, wala si fungu la faida. Siku ambayo mvuvi alirudi na samaki wa kulipia kome na kamba tu, alikuwa amepata sifuri, na bado sehemu yake haikuwa yake.

Tena kulikuwa na swali la nani anapokea. Mwaka 1843 Kanisa la Uskoti lilipasuka vipande viwili, na mwishoni mwa miaka ya 1850 na mwanzoni mwa 1860 uamsho wa kidini uliipitia pwani ya mashariki kama moto wa nyika. Wavuvi wengi wakajikuta wanasali kwingine. Mchungaji wa parokia, Stephen Bell, aliendelea kudai chake kutoka kwa watu ambao hawakukaa kwenye viti vya kanisa lake. Kisheria alikuwa na haki. Ndilo jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi kwa sababu linaharibu picha ya mchungaji mwovu: Bell hakuzua kodi. Alirithi haki iliyoandikwa, iliyokuwa sehemu ya posho yake, na sheria ilikuwa upande wake. Ubaya wake, kama tutauita hivyo, ulikuwa kuishikilia hadi mwisho katika mji ambao kila mtu aliona inakozama.

Aliyemkabili alikuwa mvuvi, William Spears. Wenzake walimwita Kingfisher, jina la yule ndege mdiria anayejitosa majini na kuibuka na samaki. Kwa Kiingereza jina hilo lina mfalme ndani yake, na nadhani hawakulichagua kwa ajili ya ndege peke yake. Spears aliongoza kukataa. Mgogoro ulivuta miaka, ukazaa kesi, vitisho vya kukamata mali na hasira barabarani. Mwishowe, mwaka 1864, yakapatikana mapatano: wavuvi wangelinunua fungu hilo, yaani wangelipa pauni 2,000 na wao na watoto wao wawe huru. Wakati ule fundi stadi hakufikisha pauni 100 kwa mwaka. Hawakuwa na pauni 2,000. Wakakubali kulipa kidogo kidogo, kutoka kwenye samaki wale wale.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka, ingawa hakuna aliyeona wakati huo. Ilimradi fungu lilikuwa mahakamani, na kisha ilimradi deni la kulinunua lilikuwa halijaisha, mji haukuweza kukopa fedha za maana kwa ajili ya bandari. Nani angekopesha? Mapato ya bandari hutoka kwenye samaki, na samaki hao walikuwa na mdai mwingine aliyetangulia. Mipango ya bandari ya kina, inayoingilika wakati wowote, ilijadiliwa na kuwekwa kando. Deni lilimalizika mwaka 1878. Wangekuwa wepesi kiasi gani kujenga ndani ya miaka mitatu? Bandari si kibanda.

Walichokwisha kujua

Haikuwa kwamba hatari hiyo ilikuwa mpya. Usiku wa tarehe 19 Agosti 1848, dhoruba ilivikuta vyombo vya heringi kaskazini zaidi, Moray Firth, ikaua wavuvi 100 na kuvunja vyombo 124. Serikali ilimtuma Kapteni John Washington achunguze, na ripoti yake ya 1849 ilisema yale ambayo mvuvi yeyote mzee angemwambia bila malipo: vyombo viwe na sitaha ili maji yasivijaze, na bandari ziingilike hata maji yakiwa yamepwa. Hayo yaliandikwa miaka 32 kabla ya Ijumaa ya Eyemouth. (Mwaka huo huo wa 1849 Eyemouth ilikuwa inazika watu wake wa kipindupindu, ripoti za bandari nadhani hazikuwa juu ya meza ya mtu.)

Kulikuwa na jambo la pili la kujua. Mwaka 1859 meli Royal Charter ilizama kwenye pwani ya Wales na zaidi ya watu 400, na Robert FitzRoy, aliyewahi kumbeba Charles Darwin katika meli ya Beagle, akaanza kusambaza baromita, kipimo cha mgandamizo wa hewa ambacho kikishuka huonya kwamba dhoruba yaja, kwenye bandari za wavuvi na, tangu 1861, maonyo ya dhoruba kwa simu ya maandishi. Kufikia 1881 baromita ya bandarini lilikuwa jambo la kawaida. Eyemouth walikuwa nayo. Asubuhi ile waliitazama.

Ijumaa

Baromita ilikuwa imeshuka sana. Hakuna ubishi juu ya hilo. Lakini mbingu ilikuwa safi, jua limetoka, bahari imetulia. Siku kadhaa zilizotangulia hali mbaya ya hewa ilikuwa imewafungia nchi kavu, hakuna aliyevua, hakuna aliyeuza. Kome walikuwa wamekwisha kuvikwa kwenye ndoana, na kome hakai: leo ni chambo, kesho ni uvundo, na kazi ya mama na watoto ya siku nzima inamwagwa. Upande mmoja kioo chenye zebaki kinasema kaa. Upande wa pili anga, njaa na kapu la chambo vinasema nenda.

Inasimuliwa kwamba wanaume walisimama wakibishana, na kwamba desturi ya mji ilikuwa chombo kimoja kikitweka, vingine havibaki. Naiamini desturi hiyo kwa sababu nimeiona kwa wavuvi wasiojua Uskoti iko wapi. Atakayebaki hatasemwa kuwa mwenye hekima mpaka wenzake wafe. Wakirudi salama, atasemwa mwoga, na samaki wa wenzake watakuwa wameshika bei yote ya soko. Vikatoka. Pamoja na vya Eyemouth, vikatoka vya vijiji jirani.

Karibu na adhuhuri vilikuwa mbali baharini, mishipi mingine imekwisha kutupwa. Waliosimulia baadaye walisema kwanza palikuwa kimya, kisha giza likaja kama pazia lililoshushwa, kisha upepo, wote kwa pamoja. Kuna waliokata mishipi na kuiacha. Matanga yalichanika kabla hayajashushwa. Vyombo vingine vilipinduka papo hapo, na juu ya hivyo hakuna la kusimulia, kwa kuwa hakubaki msimulizi.

Kila nahodha aliyekuwa bado anaelea alikuwa na uamuzi mmoja. Akimbilie nyumbani, au ageuze omo aikabili bahari na kubaki mbali na majabali? Kitabu cha ubaharia kinajibu bila kusita: katika tufani inayosukuma kuelekea nchi kavu, nchi kavu ndiyo adui. Lakini kitabu hakina mke gatini. Na hakina mwana wa miaka kumi na kitu anayechota maji chomboni huku akikutazama. Wengi walikimbilia nyumbani.

Nyumbani palikuwa Hurkars.

Chombo kilichoitwa Harmony ni kimoja cha vile vilivyoangamia mbele ya macho ya mji. Vilikuja kimoja kimoja, vikitafuta ule mlango ndani ya povu. Vingine vilipenya; hilo ndilo lililowafanya walio nyuma waendelee kuja. Vingine viliinuliwa na wimbi na kuwekwa juu ya jabali. Watu wa nchi kavu walijaribu kurusha kamba kwa roketi za uokoaji, upepo ulizirudisha. Umbali ulikuwa mdogo kiasi cha kuonana.

Kisha kuna Ariel Gazelle. Chombo hiki hakikukimbilia nyumbani. Kilibaki nje, kikiyapanda mawimbi usiku wa Ijumaa, Jumamosi nzima, na usiku wake. Siku ya Jumapili, saa 45 baada ya kutoka, wakati mji ulikuwa umekwisha kuwahesabu watu wake miongoni mwa wafu, kiliingia bandarini.

Fungu la kumi liliua wangapi?

Baada ya msiba, na hasa katika simulizi za mji wenyewe, jibu likawa jepesi: kanisa. Kama si fungu la kumi, pangekuwa na bandari. Kama pangekuwa na bandari, wangefika. Mnyororo huo una nguvu, na pete zake karibu zote ni za kweli. Nami niliuamini wote kwa muda.

Ila Cove haikuwa na ugomvi wa Eyemouth, na Cove ilipoteza wanaume 11 kati ya wavuvi wake 21. Ukitazama kwa uwiano, ni zaidi ya nusu ya mkono wa kazi wa kijiji kizima. Newhaven ilikuwa jirani ya bandari kubwa za Edinburgh, na watu wake 15 hawakurudi. Deni la Eyemouth halikuvuta upepo ule, wala halikuwazamisha walionaswa katika pigo la kwanza mbali na nchi. Hata kati ya wale 129, si wote waliofia mdomoni. Wengine bahari ya mbali iliwameza, na bandari iwe pana kama ya Liverpool isingewafaa kitu.

Kwa hiyo mimi nagawanya hivi. Upepo na uamuzi wa asubuhi vinaeleza kwa nini watu walikufa kutoka Newhaven hadi Burnmouth. Bandari inaeleza wale waliofika. Hao ndio wanaosumbua, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuishinda dhoruba. Walikuwa wamevuka kilomita zote za bahari ile, wakiwa na chombo kizima na tanga bovu, wakabakiza umbali wa kurusha jiwe. Kwa hao, naona ni halali kuuliza habari za pauni 2,000.

Wala sidhani jina la mchungaji linatosha kubeba swali hilo. Wakopeshaji waliokataa walifanya hesabu sahihi ya riba. Mahakama zilisoma sheria kama ilivyoandikwa. Spears alipigana akashinda, na ushindi wake ndio uliouweka mji kwenye deni la miaka 14. Kama angekubali kulipa fungu kimya kimya, je, bandari ingejengwa mapema? Swali hili ni chungu, na sidhani lilimpita Spears mwenyewe, aliyeishi miaka kadhaa baada ya Ijumaa ile. Kila mtu katika mnyororo alikuwa na sababu ambayo ungeweza kuiandika kwenye karatasi na ikasomeka vizuri.

Fedha zilipokuja

Habari zilienea Uingereza nzima, na michango ikamiminika. Mfuko wa msaada ulifikia pauni 54,000. Iweke namba hiyo kando ya 2,000. Zile ambazo mji ulihangaika nazo kwa miaka 14 zilikusanywa mara 27, kwa muda mfupi, kwa ajili ya wajane. Hakuna aliyefanya kosa kwa kuchangia. Ila ni vigumu kutoona kwamba mkono ambao haukufunguka kwa ajili ya mawe ya gati ulifunguka haraka sana kwa ajili ya makaburi.

Kuna waliotaka sehemu ya fedha hizo ijenge bandari. Zilikuwa zimetolewa kwa ajili ya familia, na familia ndizo zilizopewa: shilingi 5 kwa wiki kwa mjane, na shilingi 2 na nusu kwa kila mtoto. (Ndizo shilingi zile zile zilizokuja baadaye kuzipa jina sarafu zetu.) Haikuwa fedha ya kutajirisha mtu, ila ilikuwa ya uhakika, na mke wa mvuvi hajawahi kuzoea fedha ya uhakika. Fikiria kinyume hicho: mwanamke ambaye mumewe alipokuwa hai hakujua wiki ijayo ataingiza nini, sasa kila wiki anajua.

Bandari iliongezwa baadaye, kwa awamu, polepole, kama kila kitu cha mji huo. Reli ilifika mwaka 1891, ikafungwa 1962. Samaki wakawa heringi, kisha wale wa mnofu mweupe kama hadoki, na leo ni zaidi kamba wadogo, kaa na kambamti. Mwaka 1981, miaka 100 ilipotimia, wanawake wa mji walidarizi pazia kubwa la ukumbusho. Limo katika jumba la makumbusho la Eyemouth, na inafaa kazi hiyo kuwa ya sindano, ukikumbuka mikono ya akina mama ilivyofanya kazi na ndoana. Mwaka 2016 mji uliweka sanamu ya shaba ya msanii Jill Watson. Haionyeshi wavuvi. Inaonyesha wajane na watoto wakitazama bahari, wadogo wadogo, wamesongamana.

Kila mwaka, mwezi wa Julai, Eyemouth humchagua msichana wa shule kuwa Malkia wa Heringi, desturi iliyoanza mwaka 1939. Haji kwa gari. Hupanda chombo St Abbs, kilomita chache juu ya pwani, na vyombo vya wavuvi vilivyopambwa bendera humsindikiza. Mji wote hukaa gatini kumngoja. Nahodha huyakaribia majabali ya Hurkars, hupunguza mwendo, huyaacha kando, kisha huelekeza omo kwenye mdomo wa mto.